Fundi wa kupanua nguo Kenyatta Market: nilimpelekea suti ya 2003 nikaivaa siku ya kustaafu

Hii nimekuwa nikitaka kuiandika karibu mwezi mzima. Ni ya wamama wenzangu wa hamsini kwenda juu, lakini wababa pia someni kwa sababu kuna mahali pa suruali nitafika.

Huduma yenyewe ni ya kubadilisha nguo. Kupanua, kurefusha, kuhamisha zipu, kushusha dati (ile mikunjo iliyoshonwa kuipa nguo umbo la kifua), kila kitu ambacho nguo inahitaji mwili wa mwenyewe ukibadilika. Nguo mpya pia anashona lakini mimi naongea kuhusu hizi za zamani, zile umeweka ndani ya kabati ukisema utazivaa ukipungua. Fundi yuko Kenyatta Market, upande wa mafundi, si ule upande wa wasusi penye ukiingia tu unaitwa na watu kumi, na si kwa nyama choma ingawa moshi wa nyama choma unafika mpaka kwake na nguo utaipata inanukia hivyo kidogo, itundike nje siku moja inatoka. Jina lake siandiki. Nilimuuliza akasema yeye ana cherehani moja na kijana mmoja wa kumsaidia, kazi aliyo nayo inamtosha. Pale ukiuliza fundi mzee wa kupanua utaonyeshwa.

Sasa suti. Ni suti ya sketi na koti, rangi ya damu ya mzee, kitambaa nilinunua Biashara Street mwenyewe na huyu huyu fundi ndiye aliishona, Januari 2003. Walimu wenzangu wa wakati huo mnakumbuka ile Januari. Serikali ya Kibaki ilikuwa imeingia tu, elimu ya msingi ikawa bure, na watoto wakaja, jameni watoto walikuja, wengine wakubwa kabisa ndevu zinaanza kutoka na wanataka darasa la kwanza, madawati hayakutosha wakakaa chini. Mkutano wa kwanza wa wazazi mwaka huo mimi ndiye nilipewa kuongea na nikaona siwezi kusimama mbele ya umati ule na sweta, kwa hivyo nikashonewa suti. Nilikuwa na miaka 38. Ile siku nilijisikia mwalimu kweli.

Nikaivaa miaka kama sita hivi, halafu zipu ikaanza kugoma. Nikaitundika na dawa ya nondo. Kila Januari kabla shule hazijafunguliwa nilikuwa naitoa naijaribu, mlango nimefunga na ufunguo ata kama niko peke yangu nyumbani, na kila Januari zipu inasimama chini zaidi ya mwaka uliopita, hadi mwaka mmoja sketi yenyewe haikupita kwa mapaja. Nilikuwa nairudisha kabatini nikiwa na hasira, si kwa sketi, kwa mimi.

Mwaka huu nimetimiza sitini. Barua ya kustaafu kutoka TSC, tume ya walimu, ikaja, wenzangu shuleni wakaanza kuchanga pesa ya sherehe ya kuniaga, na mimi kwa roho yangu nikajua nataka kuvaa hiyo suti. Si ingine. Kwa hivyo nikafanya venye wengi wetu hufanya, nikaamua mwili ndio utarekebishwa.

Nikaanza na chai ya kupunguza tumbo, ile mtu anakuuzia kwa simu. Nilikunywa wiki mbili. Kumbe nyingi ya hizo chai zina majani ya sena, na sena ni dawa ya kuharisha, inakutoa maji tumboni mafuta yanabaki hapo hapo. Nilikuwa natoka darasani mara tatu kabla ya saa nne. Halafu nikanunua koseti kwa duka moja mjini, 2,500, yule msichana akanifunga hizo ndoano zote akaniambia nitazoea. Nilivaa kwenda shule. Kufika saa nne nina kiungulia mpaka kooni, kupumua nimepumua juu juu, na nikiinama kuokota chaki naona giza. Saa saba nikaenda kuifungua choo cha walimu nikakaa hapo nikalia.

Na kuna jambo moja nataka kuliandika wazi kwa sababu liliniuma kuliko koseti. Miaka 36 nimefundisha. Miaka yote hiyo nimekataza watoto kuitana majina ya mwili. Mtoto akimwita mwenzake kibonge nilikuwa nasimamisha somo, namuweka pembeni, naongea naye mpaka aelewe kwa nini. Halafu jioni nikiwa mbele ya kioo changu nilikuwa najiambia maneno ambayo mtoto wa darasa langu angeyasema ningemwita mzazi wake. Miaka mingi. Sikuwa naona ni kosa kwa sababu yule anayetukanwa ni mimi.

Huyo fundi nilikuwa nimeacha kwenda kwake tangu 2014. Nilihamia dera, yale magauni mapana ya Isli (Eastleigh), na mitumba. Dera ni vazi zuri, lina hewa, sitaliongelea vibaya hata siku moja, lakini mimi nilikuwa nalivaa ili nisipimwe na mtu. Hiyo ndio ilikuwa sababu. Siku ya Jumamosi baada ya ile ya koseti nikaweka suti kwa mfuko wa karatasi nikaenda Kenyatta nikiwa nimepanga nimuulize tu kama kuna kitu inawezekana, nikijua atasema hapana.

Aliinua macho akasema, "Mwalimu. Umepotea." Amezeeka pia, miwani sasa ni nzito na vidole vimekauka, lakini sauti ni ile ile. Hakuniangalia juu mpaka chini venye watu huangalia mtu ambaye hawajamwona miaka mingi. Aliangalia suti. Akaigeuza ndani nje, akapapasa mishono ya pembeni na kidole gumba, akacheka kidogo akasema, "Hii niliiachia nafasi. Hii ina inchi nzima kila upande."

Hapo ndipo nikajifunza kitu kuhusu nguo. Fundi wa zamani akikushonea anakuachia kitambaa ndani ya mshono, inchi moja au zaidi, kimekunjwa kinakungoja. Nguo za dukani za siku hizi na mitumba mingi zimekatwa na ovaloki karibu kabisa na mshono, hakuna cha kufungua. Kwa hivyo kabla hujapeleka nguo yoyote kwake igeuze ndani uangalie. Kama kuna nafasi, bei ni ya chini. Kama hakuna, ataweka kipande pembeni, inawezekana lakini ni kazi zaidi.

Halafu akatoa kitabu. Hapa naomba mnivumilie.

Ana hizi kaunta buku kubwa za kurasa nyingi, tatu, zimefungwa na raba. Kila mteja ana mahali pake. Alitafuta cha pili, akalowesha kidole, akanipata. Nilikuwa na mistari mitatu. 2003, kifua 36, kiuno 29, hipsi 40, na mbele ameandika "suti damu ya mzee, mkutano". 2008, kifua 37, kiuno 31, hipsi 41, "kitenge, graduesheni ya kijana". 2014, kifua 40, kiuno 35, hipsi 42, "nyeusi, mazishi ya mama".

Nikasimama pale na kitabu mkononi. Mimi hiyo 35 nilikuwa naikumbuka. Nilimwona akiiandika mwaka huo na nikaenda nyumbani nikiwaza ati mama amekufa na mimi nimenenepa, na ndio sikurudi tena. Sasa naisoma baada ya miaka kumi na zaidi naona kitu kingine kabisa. Mwaka huo ulikuwa mwisho wa miaka miwili ya kushuka Wundanyi, kule Taita, kila likizo na wikendi nyingi, basi la usiku, kumgeuza mama kitandani, kula saa tano usiku nikiwa nimesimama jikoni, kurudi Nairobi Jumapili kusahihisha vitabu. Nilikuwa na miaka 49 na hedhi ilikuwa inakuja ikipotea. Hiyo 35 ni ya mwanamke aliyekuwa anamuuguza mama yake. Nilikuwa nimemhukumu vibaya sana.

Hii ya hedhi niliulizia baadaye kwa nesi wa kliniki yetu, mwanamke wa umri wangu, akanieleza vizuri. Hedhi ikikoma, na kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55, ile homoni ya estrojeni inashuka, na mafuta ambayo zamani yalikuwa yanakaa kwa mapaja na hipsi yanaanza kukaa tumboni. Ndio maana ukiangalia namba zangu hipsi imesonga inchi chache tu lakini kiuno kimekimbia. Nilikuwa najiona mlafi. Kumbe chakula changu hakijabadilika sana, mwili ndio umebadilisha mahali pa kuweka.

Tukapima upya. Na hii ndio sehemu inafanya nimpe sifa zote kwa sababu sijawahi kuona fundi anapima hivi. Wengi wanakupima kifua kiuno hipsi urefu basi. Huyu anapima kutoka begani hadi kilele cha kifua, kwa sababu kifua kinashuka na umri na kama dati ziko pale zilikuwa miaka 20 iliyopita zinaelekea hewani, koti linatokeza juu na kubana chini. Changu kimeshuka inchi moja na nusu. Alisema tu, "Dati nitazishusha inchi moja na nusu," akaandika, akaendelea. Mgongo alipima kutoka shingoni hadi kiunoni, umefupika robo tatu ya inchi. Nikamwambia ati na mimi nimekuwa nikiona kama rafu ya juu ya jikoni imeenda mbali. Nesi alinithibitishia hii pia, zile pedi katikati ya pingili za mgongo zinapoteza maji na kuwa nyembamba, na baada ya miaka arobaini mtu huweza kupungua karibu sentimita moja kila miaka kumi. Lakini akaniambia pia ukifupika sana kwa haraka, au mgongo uanze kupinda, nenda upimwe mifupa.

Alinipima nikiwa nimesimama halafu akaniambia nikae kwa stuli akanipima tena, kwa sababu ukikaa tumbo na hipsi zinatanuka na nguo inafaa kuvaliwa na mtu ambaye atakaa na kula. Akaniambia niinue mkono kama naandika ubaoni. Nikainua. Bega la kulia liko chini kuliko la kushoto karibu nusu inchi, na halizunguki vizuri nyuma, siku hizi kufunga zipu ya mgongoni ni mpaka niite mtu. Akaniuliza, "Ni la ubao?" Nikamwambia ni la ubao na la kubeba vitabu vya kusahihisha. Akatikisa kichwa akachora mstari na ile chaki yake bapa ya fundi. Pindo la sketi akalipima kutoka chini sakafuni kuja juu, mbele peke yake, pembeni peke yake, nyuma peke yake, kwa sababu tumbo linavuta kitambaa cha mbele kinapanda na ukikata pindo sawasawa kwa meza utaonekana umevaa sketi imeinuka mbele. Mwenye mgongo umeanza kuinama anapata kinyume, nyuma ndio inapanda.

Namba mpya ni 42, 39, 43. Aliziandika na kalamu ile ile chini ya zile zingine, mbele akaandika "suti ile ile, kuagwa".

Alipokuwa anapima mkono juu hapa karibu na kwapa nikaona ngozi inavyoning'inia nikageuza uso, na nikaona mkono wa mama. Ni mkono wake kabisa. Pale Wundanyi baridi ya asubuhi nilikuwa nachemsha maji namwogesha kwa beseni, nampaka mafuta ya Arimis mikononi polepole kwa sababu ngozi ilikuwa imekuwa laini kama karatasi ya kufungia mkate na ukivuta inachubuka. Nilikuwa nikiinua ule mkono, ngozi inalegea vidoleni mwangu, na sikuwahi hata mara moja kuona ina kosa. Niliupenda. Nilikuwa namwambia mama mikono yako bado mizuri na nilikuwa nasema ukweli. Sasa huo mkono nimepewa mimi na nimekuwa nikiuficha ndani ya sweta hata mwezi wa pili jua likiwaka.

Tangu siku hiyo nikioga namaliza na Arimis, polepole, venye nilikuwa nampaka yeye.

Kazi yenyewe ilivyotoka sasa. Inchi za pembeni alizifungua zote. Hazikutosha, kwa hivyo akaniuliza kama nina vile vipande vilivyobaki 2003, na ninavyo, ndiye alinipa wakati huo akaniambia nisitupe. Vilikuwa kwa sanduku, havijaguswa na jua wala sabuni, kwa hivyo rangi yake imekolea kuliko suti. Akaviweka pembeni ya sketi na chini ya kwapa penye kivuli. Ukiangalia kwa makini unaona. Mimi sijali, nikiinua mkono naona kale kamstari keusi keusi na nakumbuka rangi ilivyokuwa mpya. Zipu ya sketi aliitoa nyuma akaileta pembeni kushoto penye mkono wangu unafika. Kiuno cha nyuma akaweka elastiki nusu, mbele kikabaki bapa, kwa hivyo inaonekana ni suti ya ofisi lakini inapumua nawe. Vifungo vya koti akaweka vikubwa kidogo, vidole vya asubuhi vikiwa vigumu vinavishika.

Na bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo. Ile ya zamani ilikuwa ya poliesta, inateleza vizuri lakini ukishikwa na lile joto la ghafla inakufungia jasho ndani kama umevaa nailoni. Wenye mmepitia mnajua, uko katikati ya somo joto linatoka kifuani linapanda shingoni mpaka masikioni, jasho linatiririka na watoto wanakuangalia. Mimi yangu imepungua lakini haijaisha. Fundi bila kuuliza mengi akasema kwa wamama wa umri huu yeye anaweka bitana ya pamba, nyepesi. Ni pesa kidogo zaidi. Lipeni hiyo pesa, ndio bora kuliko vyote alivyofanya.

Wababa, ya suruali ni hii. Alikuwa na mzee mmoja pale siku nilienda kuchukua, amezoea kufunga mshipi chini ya tumbo mpaka suruali inaburura nyuma. Fundi alimwinulia kiuno cha nyuma, akaongeza kipande katikati ya mshono wa makalio, akaweka elastiki fupi pembeni ndani ya kiuno cha suruali. Mzee akavaa akatembea pale kwa ushoroba akarudi akasema hajasikia suruali imekaa mahali pake tangu zamani. Suruali nyingi zina nafasi huo mshono wa nyuma, zipelekeni.

Bei nililipa: sketi 600, koti 1,200, bitana ya pamba na kazi yake 500. Jumla 2,300, na nilitanguliza 1,000 kwa M-Pesa. Yaani suti nzima imekuwa chini ya ile koseti, na koseti iko kwa droo.

Sasa ya kulaumu, kwa sababu nikisifu tu hamtaniamini na pia ni haki ya mwenye atatoka mbali. Moja, muda. Aliniambia Jumanne, nikapata Jumamosi ya wiki iliyofuata, na nilipiga simu mara nne. Kama una sherehe mpe tarehe ya mapema kwa wiki mbili kuliko ile ya kweli. Mbili, mahali pa kujaribu nguo ni leso imetundikwa na kamba, kioo ni kidogo na kimepasuka, kwa hivyo unajiona kifua peke yake halafu miguu peke yake. Kwa mtu ambaye ndio anajifunza kujiangalia bila kujigombeza hiyo si nzuri, mtu anahitaji kioo kizima na mlango. Nimemwambia. Alisema atanunua kioo. Tatu, hakuna kiti cha kungojea isipokuwa ile stuli ya kupimia, na choo ni mbali kidogo na cha kulipia, na kibofu cha umri wetu hakingoji foleni, kwa hivyo jipange kabla hujafika na ubebe sarafu. Nne, mwanga. Beba miwani yako kama unataka kukagua mishono.

Na kitu kingine nisije nikaeleweka vibaya. Kupanua nguo si kusema afya iende. Nesi aliponipima kiuno alinionyesha kwamba kwa wanawake kuanzia sentimita 88 hivi wanaanza kuangalia presha na sukari kwa karibu, na mimi na hiyo 39 yangu ya inchi niko kama sentimita 99. Hakunitisha, aliniambia kama habari, na mimi nikaisikia kama habari, kwa mara ya kwanza. Presha iko juu kidogo, sukari iko sawa. Natembea jioni dakika 30, siku tano kwa wiki, na viatu nilivyonunua saizi moja juu kwa sababu hata miguu imetanuka, nilikuwa nimebana vidole miaka mingi kwa kung'ang'ania saizi ya saba. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa natembea kama mtu anayejiadhibu, na nilikuwa naacha wiki ya pili kila mara. Hii ni wiki ya sita sasa. Natoka kwa sababu magoti yanalainika nikitembea na usiku nalala.

Siku ya kuagwa niliivaa. Ilikaa. Nilikula pilau, nikakaa masaa matatu kwa kiti cha plastiki, nikasimama nikaongea, nikainua mikono yote miwili wakiimba, na hakuna mahali palinibana. Wakati wa picha akaja mama mmoja kijana ana mtoto gredi ya pili pale shuleni, akanishika mkono wa koti akauliza, "Mwalimu, hii si ile suti ulivaa ile siku ya mkutano tukiingia darasa la kwanza?" Alikuwa mmoja wa wale walikaa chini 2003. Alikuwa anakumbuka rangi. Nikamwambia ndio, ni hiyo hiyo, imeongezwa tu, nikainua mkono nikamwonyesha hapo kwa kwapa.

Nyota nne kwa tano. Ile moja nimetoa kwa sababu ya muda na kioo, akinunua kioo nitarudi nibadilishe.

Nenda siku za katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi anajaa. Vaa nguo nyepesi ya ndani ili apime vizuri, beba nguo ikiwa imefuliwa, na kama una vipande vilivyobaki vya kitambaa beba hata kama ni vidogo. Dada yangu mkubwa wa Buruburu nampeleka Alhamisi hii. Ana gauni la bluu la arusi ya binti yake ambalo halijatoka kwa mfuko tangu 2012, na ameniambia atakuja lakini hataki kupimwa. Nimemwambia abebe gauni tu, tutaanza na hilo.